Vidole Vitano vya Maji

Ninyi vijana mnaokuja kwangu hapa Shari, pembeni ya Bunia, kuuliza habari za kazi ya boti, nawapenda, lakini mnanichosha. Mnataka niwaeleze dhoruba tu. Mnataka mawimbi yapite juu ya mlingoti, na shujaa mmoja ameshika usukani kwa mkono mmoja huku mwingine unapunga kofia. Mimi nimefanya kazi miaka ishirini na mbili ndani ya tumbo la boti, chini, mahali ambapo wimbi halionekani. Nilichokuwa naona ni maji yanayoingia. Hayo ndiyo nitakayowaeleza, na atakayechoka, mlango uko wazi.

Boti yetu iliitwa Mungu Iko. Ilikuwa boti ya tanga, ya mbao ngumu za mti wa libuyu zilizotoka misitu ya upande wa Mambasa, na moteri tulikuwa nayo moja ndogo, ya kuingilia bandarini. Safari yenyewe ilikuwa ya upepo. Tulizunguka Ziwa Albert, Mahagi-Port, Tchomia, Kasenyi, mara nyingine ng'ambo kwa Waganda, wiki tatu au nne bila kulala ndani ya nyumba. Tulilala juu ya magunia. Tulipika kwa babula yetu ya makaa, tumeiweka ndani ya beseni la mchanga ili moto usishuke kwenye mbao. Nikirudi hapa Bunia, majirani walijua nimefika kabla hawajaniona, kwa harufu ya samaki.

Tulikuwa watatu. Muzee Ukumu alishika usukani, na boti ilikuwa yake. Bahati alikuwa mtu wa tanga na moteri, na mdomo wake haukupumzika hata akiwa amelala. Mimi, Anselme, nilikuwa fundi wa tumbo: kuchota maji, kuziba, kupigilia, kushona tanga likipasuka. Muzee Ukumu ndiye aliyenifundisha yote. Mwezi wangu wa kwanza nilipigilia ubao pamoja na suruali yangu, msumari umepita kwenye kitambaa na kuzama, nikashindwa kusimama. Muzee alikuja, akatazama, akasema kazi ni nzuri, msumari umeshika kabisa. Akaniacha pale mpaka chakula kilipoiva.

Leo mna pampu za betri, mna dawa ya kuziba inayotoka kwenye bomba kama ile ya kusafishia meno, mna majile ya kuvaa ili mtu aelee. Vizuri. Sisi tulikuwa na pamba, gudroni, yaani lami, na mafuta ya mawese. Pamba unaisokota nyembamba, unaiingiza kati ya mbao kwa patasi butu, taratibu, mpaka ikatae kuingia, ndipo unamimina gudroni ya moto juu yake. Ukiharakisha gudroni inawaka. Niliwahi kuzichoma nyusi zangu zote mbili, na Bahati akaniita mama mkwe mwenye kunyoa nyusi, kwa mwezi mzima.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo pampu zenu zimeliua, na ndilo lililoniletea aibu ya maisha yangu. Chini ya mlingoti nilikuwa na fimbo iliyochongwa alama, kila alama upana wa kidole. Kila nikimaliza kuchota, nilisimamisha fimbo, nikatazama maji yamefika wapi, kisha nikapiga ubavu wa boti kwa kopo langu la kuchotea. Kidole kimoja, pigo moja. Vidole viwili, mapigo mawili. Muzee Ukumu alisikia huko nyuma kwenye usukani, akajua hali ya boti bila mtu kufungua kinywa. Mapigo matano yalikuwa amri: kama tuko bandarini hatutoki, kama tuko ziwani tunatafuta ufuo, hakuna kubishana.

Tulifanya hivyo kwa sababu ya abiria. Muzee alikuwa ameona boti ikipinduka kwa sababu mtu mmoja alisema "maji" kwa sauti, watu wote wakakimbilia upande mmoja. Tangu hapo sheria yake ilikuwa kwamba maji ni habari yetu sisi watatu. Abiria walifikiri napiga kopo kujifurahisha. Wengine walikuwa wakicheza.

Sasa, Feza. Alikuwa akiuza chai na mikate karibu na bandari ya Mahagi-Port, na kila tulipofika pale mimi nilikuwa na kiu kuliko watu wote wa ziwani. Baada ya mwaka wa kunywa chai alikubali kuja nami Bunia, kumwona mama yangu. Nilimpelekea mama habari kwa simu, akalia kwa furaha, akaniuliza mgeni anakula nini.

Safari hiyohiyo Muzee Ukumu aliingia tumboni, akabonyeza ubao mmoja wa chini, karibu na mlingoti, kwa ncha ya kisu. Kisu kikaingia.

"Hii ubao imekuwa laini," akasema. "Toa yote, weka mupya. Usinipigie bati juu yake. Umesikia, Anselme? Bati, apana."

"Nimesikia, Muzee."

"Unapata siku mbili. Siku mbili iko mingi kwa ubao moja."

Zilikuwa nyingi, ndiyo. Siku ya kwanza niliimaliza kwa Feza, nimekaa kwenye benchi lake, namweleza ukubwa wangu. Nilimweleza hata siri ya kopo. Nilipiga kwenye meza yake, mbili, tatu, tano, nikamfundisha maana yake, naye akacheka akisema basi mimi ndiye mwenye boti, Muzee anasikiliza tu. Maneno hayo yaliniingia kichwani vibaya. Siku ya pili nilikwenda naye kumuaga shangazi yake, na shangazi hakuwa mtu wa kuachia wageni mapema. Niliporudi botini jua lilikuwa limeinama, na asubuhi tunaondoka. Nikachukua bati la kopo la mafuta, nikaweka chini yake kipande cha mpira wa ndani ya tairi, nikapigilia misumari kuzunguka. Misumari iliingia kwa urahisi mno, na fundi yeyote anajua maana ya msumari unaoingia kwa urahisi.

"Umebadilisha?" akauliza Muzee.

"Nimebadilisha."

Feza alikuwa amesimama pale na mfuko wake. Nafikiri kama asingekuwepo ningesema kweli. Sisemi hivyo kumtupia lawama, nasema ili mjue mtu anavyokuwa mpumbavu.

Halafu nikaongeza kosa juu ya kosa. Shehena ilikuwa maharage, ya Mama Dorika, mfanyabiashara aliyesafiri nasi mara nyingi. Maharage hukaa juu ya fito, mbali na sakafu. Mimi nikaelekeza wapakiaji wayashushe moja kwa moja juu ya lile bati, magunia juu ya magunia, ili jicho la Muzee lisifike pale tena.

Siku ya kwanza ya safari ilikuwa shwari. Maji yaliingia kidogo, nikachota, nikapiga mbili, na kweli vilikuwa vidole viwili. Jioni tulitia nanga kwenye ghuba yenye kambi ya wavuvi. Mbele ya ghuba ile, ukienda kusini, milima inashuka wima mpaka ndani ya ziwa. Kwa masaa mengi hakuna mchanga, hakuna pa kuegesha, na simu haishiki. Ndiyo maana kila boti hulala pale na kujikagua.

Asubuhi nilishuka tumboni nikiwa na fimbo. Vidole vitano.

Nilichota kwa haraka, nikapima tena. Vitano. Nilichokuwa nachota kilikuwa kinarudi. Juu nilisikia Bahati anafungua tanga huku akimtania Feza kwamba mama mkwe wa Bunia atampima kwa kusonga bugali. Abiria walikuwa kumi na wanne, wawili wao watoto wachanga. Muzee Ukumu alikuwa kwenye usukani, akisubiri kopo langu.

Nikapiga mbili.

"Twende," akasema Muzee.

Sijui kama mnaweza kuelewa jinsi moyo unavyokwenda baada ya kitu kama hicho. Nilijiambia nitachota bila kupumzika, nitayashinda, tutafika Tchomia na nitabadilisha ubao kabla mtu hajajua. Nilichota mpaka mabega yakawaka moto. Kila Muzee alipogonga usukani kuuliza, nilijibu mbili. Karibu na saa sita mawingu yalikaa juu ya milima, na upepo ukaanza kushuka kutoka huko, baridi, kwa vipande vipande. Boti ikaanza kuinamia upande wa ziwa. Nilisikia mbao zinalia, na nilizijua sauti zote za boti ile, lakini sauti hii ilikuwa ngeni. Niliweka mkono kwenye gunia la chini. Lilikuwa gumu, limejaa, limekaza kamba zake. Maharage yalikuwa yamekunywa maji tangu jana, yamevimba, na sasa yalikuwa yanasukuma mbavu za boti kutoka ndani.

Nilipima. Vidole saba. Nikapiga mbili.

Nilipogeuka, Feza alikuwa nyuma yangu. Alikuwa ameshuka kuniletea chai, kikombe mkononi, na miguu yake imezama hadi juu ya vifundo.

"Anselme," akasema. "Weye umepiga mbili."

"Panda juu. Nitaimaliza."

"Iko ngapi?"

"Feza, usiseme kitu. Batu watashituka, tutapinduka."

"Nakuuliza, iko ngapi?"

Niliweka kidole kwenye midomo, kisha, mbele ya macho yake, nikapiga tena mbili, kwa nguvu, kana kwamba nikiyapiga vizuri yatakuwa kweli. Aliweka kikombe juu ya gunia kwa uangalifu, akapanda.

Nilifikiri amekubali kunyamaza. Kisha nikasikia sauti yake kule nyuma, bila kupiga kelele, ila kila mtu alisikia.

"Muzee, maji iko saba. Haiko mbili. Anakudanganya."

"Nani alikufundisha kuhesabu?"

"Yeye mwenyewe."

Hapo ndipo abiria walipoelewa. Mwanamke mmoja alilia "Tunakufa!" na watu wakainuka kwa pamoja. Boti iliinama ghafla, maji yote ya tumboni yakakimbilia upande mmoja, na mimi pamoja nayo. Niliona mwanga wa ziwa ukiingia juu ya ukingo.

"Mukae!" Sijawahi kusikia Muzee Ukumu akipaza sauti namna ile. "Kila mutu pahali yake, chini! Mutu akisimama, siye wote tunaenda! Mwenye mutoto, amushike kwa kifua. Mukae!"

Walikaa. Namshukuru Mungu mpaka leo kwamba walikaa. Boti ilisita, ikarudi. Bahati alishusha nusu ya tanga, na wakati anashusha, mshono ukafunguka kuanzia juu hadi katikati, ikabaki pembe moja tu inayovuta. Alijaribu moteri, ikakohoa mara mbili na kunyamaza, mawimbi yameishailowesha. Kushoto kwetu ziwa, kulia kwetu mawe.

Muzee akanichungulia tumboni. "Ni ile ubao?"

"Ndiyo, Muzee."

"Ulibadilisha?"

"Apana. Niliweka bati."

Hakunitukana. Alifumba macho kidogo tu, kama mtu aliyepigwa na mwanga. Kisha akamwambia Feza, "Mutoto yangu, shuka. Utakamata fimbo na kopo. Weye utapiga. Yeye hatapiga tena." Na kwa wengine akasema, "Bote mumesikia sasa. Wanaume bane bashuke, batoe magunia. Wengine muchote na kila kitu muko nayo."

Mama Dorika alijiinua kwa magoti. "Maharagi yangu, apana! Muzee, hii njo masomo ya batoto yangu yote!"

"Mama, iko inakunywa maji. Itatupasua."

Alitambaa hadi kwenye shimo la kushukia tumboni, akateremsha mkono, akagusa gunia. Akaligonga kwa ngumi. Nilimwona uso ukibadilika. "Muanze na hii ya juu," akasema, na yeye mwenyewe akashika pembe ya gunia la kwanza lililokwenda majini.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa kuna kazi. Magunia yalipoondoka, nilizamisha mikono, nikalipata bati. Upande mmoja lilikuwa limeng'oka na misumari yake, linapepea kama ulimi. Usijaribu kupigilia tena kwenye ubao uliooza, utafungua tundu kubwa zaidi. Unahitaji kitu laini, kitu kigumu juu yake, na kitu cha kusukuma. Mtu alikuwa na godoro la sponji. Nililikata, nikalikunja mara tatu. Sufuria ya bugali ya mchana ilikuwepo, bugali ya muhogo, baridi. Niliikanda na mafuta ya mawese mpaka ikashikana, nikaisukuma kwenye mipasuko kwa vidole. Juu yake sponji, juu ya sponji ubao wa benchi, na juu ya ubao kasia tulilolikata kwa msumeno, limesimama wima, kichwa chake kimebanwa chini ya boriti ya sitaha kwa vipande vya kuni. Unagonga kipande kimoja, unasubiri, unagonga kingine.

Nilikuwa nafanya hayo nimepiga magoti, nimeinama mpaka kifua kinagusa maji, sioni ninachokishika. Kama kazi yangu inashika au haishiki sikuweza kujua mwenyewe. Nilijua kwa Feza. Alikuwa karibu nami kiasi cha kusikia pumzi yake, anasimamisha fimbo, anatazama, anapiga. Saba. Nikagonga kuni. Nane. Hapo niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu nilijua hatanipunguzia hata kidogo. Nane tena. Juu watu walikuwa wanachota kwa mabeseni, masufuria, kofia, mmoja kwa kiatu. Nane. Kasia lilipiga kelele kwenye boriti, sponji likakandamizika, na nikahisi mkondo wa baridi uliokuwa unanipiga tumboni ukipungua. Feza alingoja kidogo zaidi ya kawaida. Akapiga saba.

Kule nyuma nilimsikia Muzee Ukumu akisema, "Asante, mutoto yangu. Endelea."

Sita zilikuja baada ya muda mrefu. Tano zilikuja tulipopita jabali la mwisho. Tuliingia Tchomia jua likiwa bado juu, tanga limechanika, tukaipandisha boti mchangani mpaka ikalala ubavu. Watu walishuka bila kusema, wengine wakabusu mchanga. Mama Dorika alikaa chini na mikono kichwani. Nilikwenda kumwomba msamaha, akaniambia niondoke mbele yake, nikaondoka.

Muzee Ukumu aliingia tumboni peke yake. Alitoka na lile bati, akalitia mkononi mwangu.

"Ungeniambia tu," akasema. "Kule Mahagi, ao asubui kwa wavuvi. Ningengoja. Hata wiki moja ningengoja." Akafuta mikono kwenye suruali. "Kesho utatoa ule ubao. Nitaketi pale naangalia." Aliketi kweli, siku tatu, na nikafanya naye kazi mpaka alipofariki. Lakini tangu siku ile, kila nilipopiga kopo, alimtuma Bahati ashuke kuangalia fimbo. Miaka yote hiyo.

Feza alikuwa ameishapata pikipiki. Nilimfuata nikiwa bado nimepakaa bugali mikononi.

"Mama anatungoja," nikamwambia. "Tufike kwanza."

"Ubao kuoza haiko kosa yako," akasema. "Mbao inaozaka. Hata bati, ningekusamehe, sababu ulikuwa kwangu ile siku. Lakini nilikuwa ndani ya maji, uliniangalia kwa macho, ukapiga mbili. Siku batoto bangu batakuwa ndani ya maji, Anselme, utanipigia ngapi?"

Nilitaka kumwambia nampenda. Ilikuwa kweli, na nilijua hataweza kuliamini neno hilo kutoka kinywani mwangu siku hiyo. Alipanda, akaweka mfuko kati yake na dereva, wakashika njia ya mlimani. Barabara ya kurudi kwao Mahagi inapita hapa hapa Bunia, na nilipata habari baadaye kwamba alipita mjini bila kusimama.

Mama yangu hakujua. Alikuwa ameosha nyumba, amechinja kuku, amevaa kitenge chake cha sikukuu, na alikivaa siku nne mfululizo, kila asubuhi akitoka kutazama njia. Siku ya nne nilifika peke yangu. Alitazama nyuma yangu, kwanza akitabasamu, akadhani Feza anaona haya amejificha nje ya ua.

"Iko wapi?" akaniuliza. "Mutu mubaya alimupata njiani?"

Nikasema, "Hakuna mubaya, mama. Ni miye." Nikakaa chini nikamweleza yote, toka mwanzo.